Kumsafirisha mbwa Tabora hadi Kigoma: mimi naogopa ndorobo kuliko mashimo

Mwaka juzi nilihama Tabora kwenda Kigoma na mbwa wangu Jeki, tumebanana na magodoro na masufuria ndani ya gari la kukodi. Kila niliyemuaga alinionya kuhusu barabara. Hakuna aliyenitajia ndorobo, wale inzi wanaofyonza damu, na ndorobo ndio walioniliza.

Ukishaziacha Urambo na Kaliua, kabla hujafika Uvinza, unakata misitu ya miombo. Huko ndiko warina asali wanakotundika mizinga, na ndiko kwao ndorobo, wale ambao wengine huwaita mbung'o. Wanafuata kitu chochote kinachokwenda: ng'ombe, baiskeli, gari. Sisi tulipata pancha katikati ya pori, jua la saa 7 mchana. Dereva akashughulika na tairi, nami nikafungua mlango wa nyuma nimpe Jeki maji. Nilikuwa nimemtandikia shuka jipya la buluu. Haukupita muda likawa na inzi wa kijivu, mabawa wameyalaza mgongoni moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Jeki alikuwa anajing'ata mapaja huku analia.

Akapita mzee mmoja na baiskeli yenye madumu ya asali. Nikamwamkia, akaitika, kisha akachungulia ndani ya gari.

"Mwanangu, toa hilo shuka. Hiyo buluu ndiyo inawaita."

Nikakumbuka vile vitambaa vya buluu na nyeusi vinavyotundikwa porini. Ni mitego ya ndorobo, na rangi zile zimechaguliwa kwa sababu zinawavuta. Nami nilikuwa nimemlaza mbwa wangu juu ya mtego.

Wiki ya tatu tukiwa Kigoma, Jeki akagoma kula. Fizi zilipauka, akawa analala mchana kutwa, na jicho la kulia likaingia ukungu mweupe kama limetiwa maziwa. Majirani walisema ni mtoto wa jicho. Daktari wa mifugo aliponiuliza tulipita wapi na nikamtajia pori, alimtoa tone la damu sikioni, akalitazama kwenye hadubini, akasema ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo. Wengi tunaijua nagana kwa ng'ombe, kumbe mbwa naye inamuua asipotibiwa. Alichomwa sindano, akapona, ila jicho lilichukua zaidi ya mwezi kutakata. Kwa hiyo mbwa wako akizubaa wiki chache baada ya safari ya namna hii, mwambie daktari mapema kwamba mlipita porini. Homa ya kupe nayo huanza hivyo hivyo, na bila kupima damu ni rahisi kuzichanganya.

Siku hizi natoka alfajiri. Ndorobo wanachangamka jua likishapanda, na ule ubaridi unamfaa mbwa pia, kwa sababu hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema ulimi nje. Porini vioo naviacha upenyo wa vidole viwili tu, namlaza juu ya taulo lililoloweshwa maji, na nguo zote za kutandika ni za rangi nyepesi. Kupumzika ni kwenye makazi ya watu, si msituni. Na mkisimama kula, abaki mtu naye kivulini. Gari lililofungwa juani linageuka tanuri upesi mno, mbwa anaweza kufa wewe ukingali unasubiri chai.

Kabla ya kugusa mlango, shika kamba kwanza. Mbwa aliyekaa garini saa nne akiona upenyo anatoka kama mshale, na kumtafuta kwenye miombo ni kazi nyingine kabisa. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, isiwe shingoni, maana breki ya ghafla inaweza kumnyonga.

Chanjo ya kichaa cha mbwa usiiache hadi siku ya kuondoka. Kama ndiyo mara yake ya kwanza, achanjwe angalau siku 21 kabla, kinga ipate muda wa kujengeka, na cheti ukibebe. Pitia pia ofisi ya mifugo ya wilaya uulize kibali cha kumsafirisha. Wiki hizo tatu zitumie kumzoesha gari: kwanza akae ndani limezimwa, kesho liwashwe, kesho kutwa mzunguke mtaa. Siku ya safari asile saa nne za mwisho, maji tu kidogo kidogo. Dagaa wa chumvi na miiba ya samaki aina ya migebuka wekeni mbali naye hata akiwaangalia kwa huruma.

Jambo la dereva ni la adabu. Tabora na Ujiji wengi wetu ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi kwa mtu anayetaka kuswali njiani. Mweleze siku unapokodi gari, asishtukizwe asubuhi ya safari, na uje na turubai lako la kufunika kiti. Wa kwangu alikubali kwa moyo mmoja kwa sababu aliulizwa. Gesti nazo zipigie simu kabla.

Desemba tulirudi Tabora kusalimia. Tulitoka Kigoma saa 10 alfajiri, Jeki kalalia shuka jeupe kuukuu. Njia nzima ya msituni nilihesabu ndorobo watatu kwenye kioo, wote kwa nje.