Simba wa kwenye jora

SWALI: Shikamoo Mzee. Nikipanga sanduku la marehemu bibi, nimekuta kipande cha kitambaa cha marekani kimebandikwa karatasi ya rangi: simba kasimama, chini yake namba, na maneno ya Kiingereza kwamba alama hii imesajiliwa. Binamu yangu asema ni pambo tu. Imesajiliwa wapi, na ilimlinda nani?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Binamu yako amekosea, ila si sana.

Ujanani nilipima vitambaa katika duka moja la Biashara Street, hapa Mombasa. Jora likifunguliwa, jambo la kwanza nilitazama kama karatasi ya chapa iko salama. Siku moja ilichanika mkononi mwangu, simba akabaki na miguu tu. Mama mmoja wa Likoni, mteja wetu wa miaka, akakisukuma kitambaa hata hajakigusa. "Hii siyo ile." Nikamwapia ni jora moja na la jana. Wapi! Akatoka, na tajiri akanikata mshahara.

Sasa huko kusajiliwa. Waingereza walifungua daftari lao la alama za biashara London tarehe 1 Januari 1876, kwa sheria ya mwaka uliotangulia, na ya kwanza kuandikwa ilikuwa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass. Sheria ile ilikuwa na uchoyo wa maneno. Neno tupu halikupokelewa, isipokuwa liwe lilishatumika kama alama kabla ya sheria kupita. Ulete picha, au saini, au jina lililoandikwa kwa namna ya pekee. Neno la kubuni lilikuja kuruhusiwa 1883. Kwa biashara ya huku hiyo haikuwa hasara: waliojua kusoma pwani hii walisoma herufi za Kiarabu, na simba ni simba kwa kila mtu.

Wamarekani, ambao kitambaa hicho kimebeba jina lao, kisa chao ndicho kinachonichekesha. Sheria yao ya 1870 ilifutwa na Mahakama Kuu 1879. Ile ya 1881 ikakubali alama za biashara ya nchi za nje na ya makabila ya Wahindi Wekundu, basi. Kwa hiyo mwenye kuuza jora Unguja aliweza kusajili chapa yake Washington, na mwenziwe anayeuza kutoka Boston hadi New York asiweze! Wajerumani nao, kwa sheria ya 1874, walimlinda mgeni ikiwa tu kwao Mjerumani analindwa.

Lakini daftari la London halikuwa na mkono Mombasa. Mji ulikuwa wa Sultani wa Unguja, na Mzungu alifuatwa na sheria ya kwao. Wamarekani walikuwa na mkataba na Sultani tangu 1833, Waingereza tangu 1839, na kila taifa lilipeleka kesi za watu wake kwa konsuli wake, yaani mwakilishi wa serikali yao. Wahindi waliokuwa raia wa Uingereza walihesabiwa kwa konsuli wa Uingereza. Ukiigiwa simba wako, swali la kwanza halikuwa simba ni wa nani, bali aliyekuiga ni mtu wa konsuli gani. Ndiyo maana nasema mlinzi hasa alikuwa yule mama wa Likoni.

Wenye maduka wa hapa walilielewa hilo. Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lahesabiwa tangu 1887, chapa yake ilikuwa "Mali ya Abdulla": Kiswahili kitupu, na hadi leo wako wanaoitafuta kwenye pindo la kanga kabla ya kuuliza bei.

Karatasi yako nataka kuiona. Tafuta jina la mji chini ya namba, huenda limeandikwa kwa herufi ndogo sana. Usiibandue kwa maji moto wala mvuke, rangi itakimbia. Ipige picha ikiwa hapo hapo kitambaani, na uzi wa pindo uonekane.