Kitabu cha kuanzia nadharia ya namba: jibu langu kwa aliyemaliza Form Six

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Umemaliza Form Six mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), una miezi kadhaa kabla ya chuo, una shilingi elfu 80 za kununua kitabu kimoja, na unataka kujisomea nadharia ya namba, yaani hisabati ya namba nzima na tabia zake. Umejaribu kitabu cha Hardy na Wright kwa softikopi, ukakwama ukurasa wa ishirini na kitu, sasa unajiuliza kama akili yako inatosha. Wadau waliotangulia wamekutajia vitabu kumi na vinne. Mimi nitataja vichache, ila nataka nikuonyeshe namna ya kukipima kitabu kabla hujatoa hela, maana mimi nilichagua vibaya na ikanigharimu karibu mwaka mzima.

Akili yako inatosha. Kile kitabu cha Hardy na Wright kilitoka mara ya kwanza mwaka 1938, na hadi leo ni hazina. Lakini hakina mazoezi. Hata toleo la sita la mwaka 2008, lililopitiwa upya na Heath-Brown na Silverman, halina. Na mpangilio wake si wa kumshika mkono mwanafunzi: sura ya 1 tu inakutajia theoremu ya namba tasa, kwamba idadi ya namba tasa hadi x inakaribia x ikigawanywa kwa logi asilia ya x, halafu uthibitisho wake unaukuta sura ya 22. Mtu aliyeshazoea anafurahia kuzungushwa hivyo. Wewe unayeanza umekaa na kalamu mkononi na hakuna mahali pa kuitumia. Kiweke, utakirudia.

Sasa yangu. Nilipomaliza chuo nilipangiwa kufundisha hisabati sekondari moja mkoani Morogoro. Chuoni nadharia ya namba nilikuwa nimeipata muhula mmoja tu, haraka haraka, na nilitaka kuijua kweli. Nikaenda Dar, pale Posta kwenye vitabu vya mtumba nikakuta kitabu cha Ireland na Rosen. Jalada linasema ni utangulizi, nikaamini. Sura ya 1 tu tayari wanavunjavunja polinomia na namba changamano za Gauss, yaani a + bi ambapo a na b ni namba nzima na i ni kipeuo cha pili cha -1. Sikujua ringi (mfumo wa vitu unavyoweza kuvijumlisha, kuvitoa na kuvizidisha) ni nini, lakini nilikuwa mkaidi. Nilinakili uthibitisho mmoja baada ya mwingine hadi nikajaza kaunta buku tatu. Mwandiko safi kabisa.

Siku moja nafundisha Form One kuvunja namba kuwa vigawo tasa, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, tunajuaje kwamba hakuna njia nyingine? Labda namba kubwa sana inaweza kuvunjwa kwa namba tasa nyingine tofauti." Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyo. Nilirudi ofisini nikiwa na uchungu, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya zile kaunta buku, nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu, na sikuweza kulitoa.

Mwalimu mwenzangu wa hisabati, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, akachukua chaki akaniandikia ubaoni: 1, 4, 7, 10, 13, 16, 19, 22, 25. Namba ambazo ukizigawa kwa 3 zinabaki 1. Akasema, tuseme dunia ina namba hizi tu. Ukizidisha mbili kati yake unapata nyingine ya humohumo. Katika dunia hii 4 haivunjiki, kwa sababu 2 haipo. 10 haivunjiki, 25 haivunjiki. Sasa angalia 100: ni 4 × 25, na pia ni 10 × 10. Njia mbili tofauti kabisa!

Nilikaa chini. Yule binti alikuwa na haki ya kuuliza. Upekee wa kuvunja namba si jambo la wazi, unaweza kukosekana, na kama unakosekana kwenye dunia ile basi kwenye namba zetu lazima kuna kitu kinachoulinda. Kitu chenyewe ni kipi? Zile namba za ubaoni unaweza kuzizidisha upendavyo, lakini huwezi kuzijumlisha: 4 + 7 ni 11, na 11 haimo. Kwa hiyo uthibitisho wowote wa upekee unaotumia kuzidisha peke yake una kosa mahali, maana ungefanya kazi hata kule ambako jambo lenyewe ni uongo.

Uthibitisho wa kweli ni mfupi, ngoja niuweke hapa. Tuseme p ni namba tasa, inagawanya a × b bila baki, na haigawanyi a. Basi kigawo kikubwa cha shirika cha p na a ni 1. Algorithimu ya Euclid, ile ya kugawa, kuchukua baki, na kugawa tena, inakupa namba nzima x na y ambazo px + ay = 1. Zidisha kote kwa b: pbx + aby = b. Sehemu ya kwanza inagawanyika kwa p, ya pili pia kwa sababu ina ab ndani yake, basi b inagawanyika kwa p. Kutoka hapo upekee unafuata. Itazame ile alama ya kujumlisha katikati ya px na ay. Ndiyo mlinzi.

Ndiyo maana kipimo changu cha kitabu ni hiki: tafuta kurasa kinapothibitisha jambo hilo, uzisome dukani au kwenye softikopi kabla ya kununua. Je, mwandishi anakufanya uone kwamba kuna la kuthibitishwa, au anapita kama anasoma matangazo? Anapotoka mstari mmoja kwenda mwingine, unaweza kujaza pengo mwenyewe kwa dakika tano au kumi? Na baada ya hapo kuna mazoezi ambayo mawili matatu ya mwanzo unayaweza na yanayofuata yanakuumiza kichwa? Kama pengo linakuchukua siku nzima kila mara, kitabu kimekuzidi kwa sasa. Kama hakuna pengo hata moja, unapoteza hela.

Kwa kipimo hicho, kwako wewe nachagua kitabu cha David Burton, Elementary Number Theory. Kilitoka mwaka 1976 na kimechapwa matoleo mengi. Kinaanza na induksheni, ambayo umeshaisoma Form Six, halafu kugawanyika kwa namba, namba tasa, kongruensi (kulinganisha namba kwa baki zake), theoremu ya Fermat, funksheni ya Euler, hadi resiprositi ya kwadratiki (kanuni ya baki za namba zilizopigwa kipeo cha pili) kwenye sura ya 9. Mazoezi ni mengi na majibu ya baadhi yako nyuma. Kina historia ya kutosha ujue nani alikuwa anatafuta nini na kwa nini. Wapo wanaokiona cha taratibu mno. Kwa mtu anayesoma peke yake, bila mwalimu wa kumuuliza saa nne usiku, utaratibu huo ni msaada mkubwa. Toleo jipya kabisa ni ghali na hulihitaji. Tafuta la zamani la mtumba, au chapa ya soko la India.

Silverman, kile anachokiita utangulizi wa kirafiki, ni mlango mwingine mzuri sana. Anaanza na pembetatu za Pythagoras, anakuwekea jedwali la namba na kukuachia uone mpangilio mwenyewe kabla ya kukuambia. Kwenye suala la upekee anakupeleka kwenye dunia ya namba shufwa peke yake, ambako 36 ni 6 × 6 na pia 2 × 18, na hakuna kati ya hizo inayovunjika zaidi humo. Nilipokutana nayo nikamkumbuka yule mzee na chaki yake. Kama unapenda kugundua kuliko kuelezwa, chukua hiki badala ya Burton. Usichukue vyote viwili.

Kitabu cha Niven na Zuckerman ni cha kazi ngumu. Toleo la tano la mwaka 1991, ambalo Montgomery alijiunga nao, lina mazoezi ya ngazi zote, na ndicho kitabu kilichonijenga mikono. Maelezo yamebanwa. Mimi nilikitumia kama ghala: namaliza mada kwa Burton, halafu nachota maswali matano humu. Ukifika chuo kiulizie maktaba.

Kama hela zikikosekana kabisa usisubiri. Kitabu cha William Stein kuhusu namba tasa, kongruensi na siri, kilichochapwa mwaka 2009, mwandishi mwenyewe amekiweka mtandaoni bure. Cha Victor Shoup pia ni bure kwa ruhusa yake, na kinaunganisha nadharia ya namba na algorithimu za kompyuta. Kama unaenda kusoma kompyuta, Shoup atakufaa miaka yote, ingawa anadai utulivu zaidi. Peleka sura tatu za mwanzo steshenari, zitolewe kopi na kufungwa spairo. Nasisitiza karatasi. Softikopi kwenye simu inakushawishi kuruka kurasa, na nadharia ya namba haina ukurasa wa kuruka mwanzoni.

Kwenye kompyuta, hata iliyochoka, weka PARI/GP, programu ya hesabu za namba. Ni ndogo na ni bure. Mwaka 1644 mwanahisabati Mersenne aliiweka 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, kwenye orodha yake ya namba tasa. Mwaka 1903 mwanahisabati Cole akaonyesha kwamba ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Ukiandika amri moja, programu inakupa vigawo hivyo papo hapo. Lakini itumie kutafuta mpangilio na kuvunja dhana, siyo kuthibitisha. Mfano, jaribu mwenyewe 2 kwa kipeo cha n, toa 1, kwa n = 2, 3, 5, 7. Unapata 3, 7, 31, 127, zote tasa, na unaanza kuamini. Halafu n = 11 inakupa 2047, ambayo ni 23 × 89.

Kitabu cha Apostol cha mwaka 1976 ni kizuri mno, lakini kisubirishe hadi umepata analisisi (nadharia iliyo nyuma ya kalkulasi) kidogo chuoni. Sura zake za mwanzo zinasomeka, ila safari yenyewe ni kuelekea theoremu ya Dirichlet (kuhusu namba tasa ndani ya mfululizo wa hesabu) na theoremu ya namba tasa, na bila analisisi utabaki njiani. Ireland na Rosen mrudie baada ya aljebra ya makundi na ringi. Mimi nilimrudia miaka minne baadaye na kile kilichokuwa ukuta kikawa kitabu ninachokipenda kuliko vyote, hasa anavyoirudia resiprositi kwa njia zaidi ya moja. Nakala ni ileile ya Posta.

Kuna jambo ambalo wadau hawakuligusa, nalo ni lugha. Vitabu hivi vyote ni vya Kiingereza, na umesema Kiingereza cha hisabati kinakuchosha. Lakini hebu angalia: namba tasa, kigawo, kigawe, baki, shufwa, witiri, kigawo kikubwa cha shirika. Maneno haya yote umeyapata shule ya msingi, kwa Kiswahili, ukiwa mtoto. Karibu nusu ya kwanza ya Burton inasimama juu ya maneno hayo. Mimi nilianza kuelewa nilipofunga kitabu na kuandika uthibitisho upya kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo ningemwambia yule binti wa Form One. Pale nilipokosa la kusema ndipo palipokuwa na shimo. Kaunta buku ya nne niliijaza hivyo, ina mikwaruzo na mishale kila ukurasa, na ndiyo pekee ninayoifungua hadi leo.

Kuhusu kasi, usijipangie kurasa kwa siku. Mimi nilijipangia muda wa saa moja na nusu kila alfajiri kabla ya shule na swali moja la kutembea nalo mchana. Kuna wiki nzima ilikwenda kwenye ukurasa mmoja wa theoremu ya mabaki ya Kichina (ya kuipata namba kutokana na baki zake), na kuna wikiendi nilimaliza sura mbili. Zoezi likikushinda, liachie siku tatu kabla hujatafuta jibu, na ukilitafuta, soma mstari wa kwanza tu kisha ufunge.

Binti yule nilimpelekea jibu mwisho wa muhula, kwa ndoo. Ukiwa na ndoo ya lita 5 na ya lita 3, unaweza kubakiza lita 1 kamili: jaza ya 3 mara mbili, toa 5. Kwa ndoo za lita 10 na 6 hutapata lita 5 hata ukichota hadi kesho, kwa sababu kila kiasi utakachopata ni kigawe cha 2. Kutoka hapo tukaenda hadi px + ay = 1, kwenye vumbi nje ya darasa, akaelewa.

Anza na hilo leo, kabla hata hujapata kitabu. Thibitisha kwamba kwa ndoo za lita a na b unaweza kupata kigawo chao kikubwa cha shirika, na kwamba hakuna kiasi utakachopata ambacho si kigawe chake. Ukikwama, weka hatua zako hapa hapa kwenye uzi, hata kama hazijakamilika. Huwa napita usiku baada ya kusahihisha madaftari, nitaziangalia.