Jiko la Hoteli Lijengwe Kwanza Kwenye Kompyuta

Kijana mmoja wa Kasulu ameniandikia. Kamaliza chuo, anachora ramani za nyumba vizuri tu, na sasa kapata kazi ya jiko la shule ya bweni linalotoka kwenye kuni kwenda kwenye gesi. Anauliza: "Kaka, hii BIM ina maana yoyote kwenye jiko, au ni mbwembwe za watu wa Dar?" BIM ni kulijenga jengo kwenye kompyuta, na taarifa zake zote, kabla ya kulijenga kweli.

Nilimjibu kwa kifupi, lakini najua hayuko peke yake. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Majiko mengi ya shule na hospitali yatabomolewa na kupangwa upya, na sisi wa huku Kigoma, mwisho wa reli, tusikubali wachoraji waletwe kutoka mbali.

Sasa sikiliza. BIM siyo ile picha yenye kung'aa ya kumtamanisha mteja. Unalijenga jengo lote ndani ya kompyuta, na kila kifaa kinabeba taarifa zake. Sinki linajua linataka maji ya moto na ya baridi na bomba la kutolea uchafu la ukubwa gani. Oveni inajua inakula kilowati ngapi, na kama inataka fezi tatu. Mteja akighairi oveni ya umeme akataka ya gesi, jedwali la umeme linapungua lenyewe, huhitaji kukaa na kikokotoo usiku. Kwenye nyumba ya kuishi unaweza kupona bila hayo yote. Jikoni kwa biashara huponi, maana moshi, gesi, maji, umeme na ubaridi vyote vinagombea dari moja na sakafu moja.

Nikupe mfano wa kazi yangu ya hoteli hapa Kigoma mjini, si mbali na ziwa. Msanifu majengo (simtaji) alikuwa ameniachia mstatili mtupu ulioandikwa "jiko". Nilipomwambia nataka kuliingiza kwenye modeli kabla ya zege, alicheka mbele ya mteja. "Jiko ni chumba tu, fundi. Weka majiko, weka sinki, basi." Sijasahau kile kicheko.

Nikaingiza bimu za mhandisi (mihimili ya zege inayobeba dari), nikaingiza hudi ya kuvuta moshi na dakti yake, yaani njia ya kuutoa moshi nje, kisha nikaiambia programu itafute vinavyogongana. Dakti ilikuwa imepita katikati ya bimu ya zege. Kwenye karatasi usingeona kitu, kwa sababu bimu iko kwenye ramani ya mhandisi, dakti iko kwenye ya fundi wa hewa, na hakuna aliyezilaza pamoja. Kwenye skrini ilikuwa nyekundu, inaonekana hata kwa mtoto. Nilisogeza safu ya majiko kuelekea ukuta wa nyuma, dakti ikapanda wima bila kugusa kitu, jioni tukawa tumemaliza. Fikiria kuitoboa bimu baada ya zege kukauka!

Bado mifereji. Huku tunapika kwa mawese, na mawese yakipoa yanaganda bombani, kwa hiyo kinasa mafuta lazima kiwe karibu na masinki na pawe na nafasi ya kukifungua na kukisafisha. Bomba la mita 10 lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita linashuka sentimita 20. Mteremko huo kwenye karatasi ni mshale tu. Kwenye modeli unaona bomba linatokea wapi, na kama chemba ya nje iko juu kuliko bomba lenyewe.

Ila kilichonifunza zaidi ni mpishi mkuu, mama mtu mzima. Nilimwamkia, nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikamtembeza ndani ya jiko ambalo halijajengwa. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu: "Mwanangu, migebuka nitaitengenezea wapi? Hapo ulipoweka samaki, uchafu wote utaishia kwenye kachumbari." Alikuwa sahihi. Samaki wakahamia karibu na mlango wa mizigo, na sinki lao peke yao. Msanifu hakuwahi kumuuliza swali hata moja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, pata karatasi ya vipimo ya kila kifaa kutoka kwa muuzaji. Usikisie. Watengenezaji wengi wakubwa wanatoa modeli za vifaa vyao bure, lakini nyingine ni nzito hadi kompyuta inagoma. Chora boksi la kawaida lenye vipimo sahihi na sehemu sahihi za kuungia maji, gesi na umeme. Pata karatasi ya vipimo, narudia, kwa sababu kifaa kikija kutoka Dar kikakataa kuingia mlangoni, hakuna duka la kukimbilia hapa. Mitungi ya gesi ikae nje, mbali na chemba na mifereji, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatambaa chini. Kama hela ya Revit, programu ya BIM ya kulipia, huna, anza na FreeCAD, ni ya bure, na faili za IFC (za kupeana modeli kati ya programu tofauti) inafungua.

Vijana wa siku hizi mnapenda programu kuliko jikoni. Nendeni mkasimame jikoni saa ya chakula cha mchana, mwone mpishi anavyogeuka na sufuria la moto. Uvivu huo hautibiwi na kompyuta mpya.

Na pesa. Ile hoteli ilipokwisha, michoro yangu ilizungushwa mjini ikiwa na jina la msanifu yule yule aliyecheka. Toza kazi ya modeli kivyake, andika kwenye mkataba faili ni la nani, na kabla malipo ya mwisho hayajaingia, toa PDF tu.