Muda wa kujifunza ujuzi mpya ukiwa kazini: yaliyonisaidia mimi

Ndugu uliyeuliza, umesema una miaka minane katika kazi ile ile, unatamani kujifunza uchambuzi wa takwimu ili upate kazi itakayokuridhisha, lakini kila jioni unarudi umechoka na vitabu havifunguliwi. Nilipitia hali hiyo nikiwa karani wa hesabu, na nitakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupanga ratiba kabla ya kujua muda wangu unaishia wapi. Nilijiwekea saa mbili kila usiku, na wiki mbili hazikuisha kabla sijaacha. Ndipo nikachukua daftari, na kwa siku saba nikaandika kila nusu saa nilichokuwa nakifanya, bila kujipendelea. Daftari hilo lilinionyesha jambo ambalo nisingelikubali kwa kuambiwa: jioni muda nilikuwa nao, ila akili ilikuwa imekwisha kazi, ilhali asubuhi zilikuwapo dakika 40 nilizokuwa nazimaliza kwenye simu. Nikahamishia masomo asubuhi na kuanza kulala mapema. Kwa mwenye mtoto mchanga najua asubuhi si yake, kwa hiyo usiige saa yangu, itafute yako.

Nilikuwa pia nimejaribu kusoma Jumamosi nzima, na kufikia Jumatano karibu yote yalikuwa yamenitoka. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio ya kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichokariri hupotea ndani ya siku ya kwanza, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yale ya mkupuo mmoja. Tangu hapo nilianza kila asubuhi kwa kuandika, kitabu kikiwa kimefungwa, nilichojifunza jana yake. Zoezi hilo linachosha na linafedhehesha kidogo, lakini ndilo lililonijenga.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuchagua somo ambalo kazi yako ya sasa italihitaji wiki hiyo hiyo. Ripoti yetu ya mwezi ilinigharimu siku mbili za kunakili tarakimu kwa mkono. Nikajifunza fomula za majedwali ya kompyuta kwa ajili ya ripoti hiyo tu, kisha SQL, yaani lugha ya kompyuta ya kuulizia hifadhidata, ili nichote takwimu moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata, mpaka kazi ile ikawa ya nusu siku. Hapo nilikosea tena: sikumwambia msimamizi wangu, na muda niliouokoa ukajazwa kazi za kunakili za wengine. Nilipomweleza na kumwomba nichambue takwimu zenyewe, alikubali.

Nilidhani safari hiyo ingechukua miezi mitatu, ilichukua 14. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 jinsi watu wanavyokadiria muda mfupi kuliko unaohitajika, kwa hiyo ukichelewa usidhani huna kipaji. Mshahara wangu haukubadilika mwaka wa kwanza. Kilichobadilika ni kwamba wenzangu walianza kuja kuniuliza maana ya tarakimu, na nikawa naingia kazini nikiwa na swali ninalotaka kulijibu.

Usilipie kozi yoyote kwa sasa. Jaza daftari siku saba, kisha urudi utueleze umeona nini, tukusaidie kuchagua somo la kwanza.