Mwanao kamkashifu mtu mtandaoni? Usiishike simu yake kwanza

Usifute chochote. Mzazi akisikia mwanae kamtukana mtu mtandaoni, mkono unakimbilia simu ya mtoto: anafuta ujumbe, anamtoa kwenye kundi, anavunja laini, kisha anatafuta fimbo. Ngoja. Simu hiyo ndiyo inayojua nani alianza, nani alimtumia nani, na saa ngapi. Piga picha za skrini zenye tarehe na majina, halafu iweke mahali wewe unapopajua.

Kwetu ilikuwa stika. Mwanangu alikuwa kidato cha pili, na kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa mtaani ikazunguka picha ya jirani yetu akiwa kwenye sendoff, kashika sahani ya pilau iliyojaa, chini imeandikwa "Hazina ikiliwa". Hakuitengeneza yeye, ila aliituma kwenye kundi la pili. Vijana wakacheka. Sasa yule mama ni mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, na zilikuwa zimebaki wiki chache wavunje kikoba wagawane. Kwa mtoto huo ni utani wa pilau. Kwa wanakikoba ni tuhuma ya wizi. Wapo waliotaka kuona daftari siku hiyohiyo. Mumewe akanipigia: "Shemeji, nakuheshimu sana, lakini hili nalipeleka polisi."

Hakuwa anatisha bure. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 23, inamkataza mtu kuanzisha au kutuma mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha mwenzake, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Anayetuma naye katajwa, kwa hiyo "mimi nilifowadi tu" si kinga. Ila lisomeni lile neno nia. Mazungumzo yaliyoizunguka ile stika ndiyo yanayoonyesha kama mtoto alikusudia kumuumiza mtu au alifuata mkumbo. Ukiyafuta, unabaki na maneno matupu, na kama jalada limeshafunguliwa unaweza kuonekana unaharibu ushahidi.

Kuna jambo moja tu ambalo ushauri huo hauligusi. Kama ni picha ya utupu ya mtoto, usiitunze, usimwonyeshe ndugu, usiitume kwa mtu "akushauri". Peleka simu yenyewe kwenye dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga 116 uulize.

Juu ya umri, wazazi wengi tunahangaishwa na habari za vijiweni. Mtoto wa chini ya miaka 10 hana jinai. Wa miaka 10 au 11 hana mpaka ithibitike alijua analofanya ni kosa. Kuanzia hapo hadi 18 anaweza kushtakiwa, lakini kwa utaratibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009: Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii akiwepo, na hahukumiwi kifungo cha gerezani. Ile miaka mitatu itoe kichwani. Cha kukuumiza wewe ni kwamba mahakama inaweza kuamuru mzazi alipe faini au fidia.

Msianze kujibizana kwenye kundi. Na msimlazimishe mtoto kuandika usiku ule barua ndefu ya kukiri makosa kwa sababu mtu kasimama mlangoni anafoka. Mtoto aliyeogopa anaandika hata ambayo hakuyafanya, na karatasi ile itasomwa siku nyingine na mtu mwingine. Nendeni nyumbani kwa aliyeumizwa.

Sisi tulikwenda na baba yake, mtoto mwenyewe, na balozi wetu wa nyumba kumi. Yule mama akamuuliza kijana, "Unajua kikoba kinavyoendeshwa?" Hakujua. Akaingia ndani akatoka na sanduku la bati, akaliweka mezani. Kufuli tatu. "Mimi nakaa na sanduku, baba. Funguo ziko kwa watu watatu wengine. Hiyo hazina ningeilaje?" Mwanangu akainama, akasema "Samahani, mama" kwa sauti ambayo balozi alimtaka airudie.

Hakutaka hela. Alitaka walioiona stika wasikie kwamba ni uongo. Na hapa ndipo naona wazazi wengi tunakosea mahesabu: tunabeba bahasha kabla ya kuuliza mtu anataka nini. Mume wangu akaandika ujumbe mfupi kwenye makundi yote mawili, kwamba picha ile ni mzaha usio na ukweli na yeyote aliyenayo aifute (nakala yetu tulibaki nayo). Kikao kilichofuata cha kikoba, kijana alisimama akarudia mwenyewe mbele ya wanachama. Yaliyokubaliwa yaliandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa, kila upande ukasaini.

Kwetu halikufika kituoni. Kama jirani yako ameshachukua RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa polisi, mapatano ya mtaani peke yake hayafungi jalada. Mlalamikaji ndiye aende aseme mmeelewana, na wenye mamlaka waamue. Mtoto asitoe maelezo peke yake, awepo mzazi au afisa ustawi. Dhamana hainunuliwi. Wakili ukimshindwa, ulizia wasaidizi wa kisheria, halmashauri zinawafahamu.

Matapeli nao hawalali. Habari ikishasambaa mtaani, unaweza kupigiwa na "afande wa kitengo cha mtandao" anayetaka utume hela kwa simu ili afunge faili. Muulize jina, cheo na kituo, kisha mwambie unakuja. Nenda kweli, umuulizie kaunta.

Halafu kuna laini. Ya mwanangu imesajiliwa kwa alama zangu za vidole, na nadhani ya mwanao pia, kwa hiyo anayetafutwa kwanza ni wewe. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na urudie kwenye kila mtandao unaoutumia. Usiyoitambua iondoe, na ile uliyomsajilia mpwa wako mwaka juzi mwambie akaisajili kwa jina lake.