Mswada wetu ulipita Baraza, ukapita Seneti, kisha ukafia mezani

Wiki iliyopita dada mmoja wa Lewiston kaniandikia, anasema mbunge wake kwenye bunge la jimbo la Maine, hapa Marekani, kakubali kumletea mswada, sasa anauliza aanzie wapi. Meseji niliisoma nikiwa breki ya shifti ya usiku nikaiacha bila kujibu, moyo ulinipiga, maana mwaka mmoja tu uliopita mimi nilikuwa pale pale alipo yeye, na furaha ile ile. Nimeona nimjibu hapa ili na wengine msome.

Mimi nimesomea uuguzi Tanga. Hapa Portland nabeba boksi kama wengi wenu, nageuza wazee kitandani, nawaogesha, na sioni aibu kusema hivyo, ila cheti changu kiko kwenye begi mwaka wa nne sasa. Kuna mama mmoja wa Bukavu tunasali pamoja, kwao alikuwa mfamasia, diploma yake kaifunga kwenye nailoni mbili na bahasha ya kaki, kavuka nayo nchi sijui ngapi. Siku aliponifungulia ile bahasha mezani kwangu ndio nikasema hapana, hili tulipeleke Augusta, kwenye bunge la jimbo. Tulichotaka ni kidogo, mfuko wa serikali wa kumlipia mtu aliyesomea nje kama sisi gharama ya kukaguliwa vyeti vyake na mtihani wa leseni. Basi.

Kumpata mbunge hakukuwa kugumu, hilo niwatoe hofu. Kwetu Dodoma miswada karibu yote inaletwa na serikali, mbunge wa kawaida kuleta wa kwake ni jambo la nadra. Maine sivyo, wabunge 151 na maseneta 35, kila mmoja anaweza kuleta, na mbunge mmoja anawakilisha watu kama 9,000 tu, kwa hiyo unakutana naye dukani. Hana ofisi yake wala katibu wake, na wengi wana kazi nyingine. Wetu alikuwa anajibu meseji saa tano usiku, na kikao cha kwanza tulikaa naye kwenye benchi la korido pale State House, ndilo jengo la bunge, watu wanapita na mafaili.

Sasa nije kwenye siku ya kutoa maoni mbele ya kamati, maana hapo ndipo nilipoumia mara ya kwanza.

Tulitoka Portland alfajiri, theluji, kama saa moja na zaidi barabarani. Nilikuwa nimeandika kurasa tano. Sikujua kwamba mtu anapewa dakika tatu, tena hakuna aliyeniambia! Nikaanza kama nilivyolelewa, nikamsalimu mwenyekiti, nikasalimu wajumbe, wako 13, nikashukuru kwa nafasi, nikaeleza nimetoka wapi, nikaanza habari ya Tanga na wazazi wangu, nanyanyua macho mwenyekiti ananionyesha niko mwishoni. Mfuko wenyewe sijautaja. Mama wa Bukavu hata hajapata zamu yake, nilikuwa nimemuahidi kumtaja, sikumtaja. Nikarudi kukaa, mikono inatetemeka, nyuma yangu anainuka bwana mmoja mwenye suti, yeye hii ndiyo kazi yake, kasema sentensi nne na kila mjumbe kaandika.

Kwa hiyo dada yangu, shikilia hili, sentensi ya kwanza iwe unachotaka. Jina lako, mji wako, naunga mkono LD namba fulani (LD ndiyo herufi za namba ya mswada), kwa sababu hii. Salamu zetu ni nzuri na tusiziache, lakini pale zinakula dakika zako. Kurasa zako tano watumie kwa maandishi, wanapokea, na zinabaki kwenye kumbukumbu za bunge. Jipime kwa simu nyumbani, kwa sauti. Ukishindwa kwenda unaweza kuongea kwa Zoom, lakini ukiweza nenda mwenyewe.

Baadaye kamati inakaa kikao cha kazi, unaruhusiwa kuingia kusikiliza, ila huongei mpaka wakuulize. Hapo ndipo mswada unakatwa na kushonwa. Wa kwetu ulipunguzwa, nikanuna, mbunge wetu akaniambia kubali. Kamati ikagawanyika lakini walio wengi wakasema upite.

Yaliyofuata sitaki kuyarefusha. Siku ya kura kwenye Baraza la Wawakilishi tulikaa juu kwenye viti vya wageni, ukutani kuna ubao wa umeme, majina yanawaka kijani na mekundu, na mimi nikaona kijani kimezidi nikalia mbele za watu. Seneti nayo ikapitisha. Jioni ile nilipika pilau sufuria kubwa, Wakongo wakaja, Warundi wakaja, tukapiga simu nyumbani, nikamwambia mamangu sheria yetu imepita. Ndivyo nilivyomwambia, imepita.

Haikuwa imepita, kura zile hazikuwa za mwisho. Kumbe mswada wowote unaohitaji hela kutoka mfuko mkuu wa serikali, ukifika hatua ya mwisho kabisa Seneti, unawekwa mezani pamoja na mingine yote inayohitaji hela, inasubiri mpaka bajeti iishe ndipo waone kimebaki nini. Inayopata hela inapigiwa kura ya mwisho, isiyopata inalala pale pale, na bunge likifungwa bila kuisogeza kikao kijacho nayo imekufa. Pale mezani hakuna aliyesimama kuupinga wa kwetu. Hakuna kura ya hapana yenye jina la mtu iliyouua. Nilikuwa natuma meseji kila Jumatatu, bado mezani, bado mezani, mpaka Juni nikaambiwa wamefunga. Hela yenyewe ilikuwa chini ya bei ya nyumba moja ya kawaida hapa Portland!

Na mamangu bado anawaambia majirani imepita, sijapata nguvu ya kumrekebisha.

Ndio maana nasema, tena nasema kwa ukali kwa sababu nawapenda, acheni kusherehekea kura. Ulizia gharama. Siku ya kwanza unakaa na mbunge muulize huu mswada una gharama, na nani atasema ni kiasi gani. Kuna ofisi ya bunge inayoandika noti ya gharama kwa mswada unaogusa hela za serikali, inauliza idara husika. Idara ya kwetu ilijibu itahitaji kuajiri mtu mmoja wa kusimamia mfuko, na huyo mtu mmoja akazidi mfuko wenyewe kwa gharama. Hatukujua mpaka noti imetoka. Tungejua mapema tungeomba kazi hiyo ifanywe na watu waliopo, au tungeanza na kitu kisicho na hela kabisa, kwa mfano bodi ya leseni ilazimishwe kujibu maombi ndani ya siku kadhaa. Sisi watu wetu tunajua kujaza ukumbi, tunajua kulia mbele ya kamati, kusoma noti ya gharama hatujui, na hilo ni kosa letu, tusiwasingizie Wazungu kila kitu. Someni. Ulizeni hela. Halafu ulizeni tena hela.

Dada wa Lewiston, kikao cha mwaka wa pili wa bunge ni kifupi, na humo mswada mpya hauingii mpaka ukubaliwe na baraza la viongozi 10 wa bunge, kwa hiyo mwambie mbunge wako awahi maombi kabla kiangazi hakijaisha. Mimi na mama wa Bukavu Jumapili baada ya ibada tunaandika upya wa kwetu, toleo lisilo na mfuko. Yeye kaja na bahasha yake tena. Ukipata lifti njoo, na uje na namba ya mbunge wako.