Mwanangu, kaskazi ilileta dini mbili

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku Ngamiani hatujambo, isipokuwa baba yako na goti lake. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, na jibu lake si la kubonyeza kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Umesema wodini kwenu mmemlaza Mwislamu wa Pangani, Mlutheri wa Lushoto na bibi wa Kihindu, kila mmoja na dua zake, na wewe muuguzi hujui hata jamaa zao uwaulize nini. Ukataka kujua dini hizi zilianzia wapi; mbona sisi wa pwani tulipata Uislamu na wa milimani wakapata Ukristo; na mbona Mabaniani, waliokaa Tanga vizazi na vizazi, hawakumwingiza Mswahili katika dini yao. Hilo la mwisho limenifurahisha sana, basi naanza nalo.

Majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yaliwaleta wote wawili: Mwislamu wa Hadhramaut, Yemen, na Baniani wa Gujarat, India. Waliteremka bandari zilezile, wakauza nguo na shanga, wakangoja kusi iwarudishe kwao. Mwislamu alipooa hapa, wanawe wakawa Waislamu, na yeyote aliyetamka shahada alisimama naye safu moja msikitini jioni ileile. Baniani hana shahada. Uhindu hauna mwanzilishi wala mwaka wa kuanza; nyimbo zake takatifu za kale, Veda, zina zaidi ya miaka 3,000, na kwa karne nyingi zilihifadhiwa vichwani kabla ya kuandikwa. Mtu huwa Mhindu kwa kuzaliwa katika ukoo na tabaka. Wanaamini mwili hufa, roho ikarudi katika mwili mwingine, na maisha yajayo hutokana na matendo ya haya ya sasa; shabaha ni kutoka kabisa katika mzunguko huo. Miungu yao ni mingi, lakini wengi wao watakwambia ni sura za ukweli mmoja. Sasa mwenye imani hiyo ana haraka gani ya kukubadilisha wewe? Siku hizi yapo madhehebu ya Kihindu yanayopokea wageni, ila wale wa majahazi hawakuja kutafuta wafuasi. Na miiko yao ya chakula na ndoa ikawafanya wale kwao na waoe kwao.

Unamkumbuka mzee wa duka la vitambaa niliyekuwa nikikutuma kwake? Asubuhi, kabla hajauza kitu, alinyunyiza maji kizingitini, akawasha udi mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na mali, na noti ya mteja wa kwanza aliigusisha machoni ndipo aitie kwenye droo. Mteja huyo hakuachwa aondoke mikono mitupu, hata kwa hasara. Duka la pili yake, la Mwislamu, lilifukizwa ubani na kusomewa Yasini. Wazee hao walikopeshana chenji maisha yao yote, na sijasikia hata siku moja mmoja akimlingania mwenzake.

Lakini India hiyohiyo ilitoa dini iliyosafiri, Ubudha. Siddhartha Gautama, ndiye Buddha, aliyezaliwa Lumbini, leo ni Nepal, kiasi cha miaka 2,500 iliyopita, aliacha raha za kwao akaenda kutafuta kwa nini binadamu anateseka. Jibu lake: mateso yanatokana na tamaa, tamaa inaweza kuzimwa, na iko njia ya kuizima, kwa nia njema, mwenendo mwema na kuituliza akili. Kuhusu Mungu muumba hakufundisha. Njia hiyo haikuuliza mtu kazaliwa tabaka gani, na mfalme Ashoka wa India, baada ya kuona damu aliyoimwaga katika vita vya Kalinga, akaikumbatia na kuituma hadi Sri Lanka. Ikaenda China, Japani, Thailand, na kwao India ikafifia. Kwetu haikufika, ingawa vyombo vya China vilifika. Nenda Tongoni, njia ya Pangani, uangalie nguzo za makaburi: yale mashimo ya duara ndimo yalimopachikwa mabakuli. Yalikuja kupitia mikono ya wafanyabiashara wengi, na wengi wa hao walikuwa Waislamu.

Wayahudi wako upande wa Baniani katika hili la ukoo. Mungu ni mmoja, alifunga agano na Ibrahimu, akampa Musa Torati, na watu wa agano ni uzao wa Ibrahimu. Mgeni huweza kuingia, ila hatafutwi. Warumi walibomoa hekalu lao Yerusalemu mwaka 70, na kwa karne nyingi wengi wao wakaishi ugenini, dini yao ikiwa kitabu na nyumba ya sala badala ya kafara.

Humo ndimo ulimotoka Ukristo. Wafuasi wa kwanza wa Yesu walikuwa Wayahudi watupu, na ugomvi wao mkubwa wa mwanzo ulikuwa huohuo unaoniuliza wewe: mtu wa taifa jingine akitaka kuingia, lazima kwanza atahiriwe na kushika sheria za Musa? Karibu mwaka 50 walikutana Yerusalemu, na rai ya akina Paulo ikashinda, kwamba halazimiki. Bila uamuzi ule nadhani Ukristo ungebaki dhehebu dogo la Mashariki ya Kati. Wanaamini Mungu alikuja kwetu katika Yesu, akafa msalabani kwa dhambi za watu, akafufuka, na anayemwamini anaokolewa. Na mtu akikwambia hiyo ni dini ya Wazungu, mwambie mfalme Ezana wa Aksum, hapo Ethiopia, aliipokea katika karne ya 4, na mtawa Augustine, aliyetumwa kutoka Roma kuwahubiria Waingereza wa Canterbury, alifika huko mwaka 597.

Uislamu unaujua, sikuchoshi. Kumbuka tu kwamba Waislamu wa kwanza, walipoteswa Makka, walikimbilia Habasha, ndiyo Ethiopia hiyohiyo, mwaka 615 hivi, wakapewa hifadhi na mfalme Mkristo, kabla Mtume (S.A.W.) hajahamia Madina mwaka 622. Nabii Isa tunamkubali, uana wa Mungu hatuukubali, wala kusulubiwa. Wapo wanaosema dini zote ni kitu kimoja, mimi wananichosha. Mlutheri wako na Mwislamu wako wanapingana katika jambo kubwa kabisa, na wote wawili wanajua hivyo.

Sasa hili la pwani na milima. Mwandiko wa msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni wa mwaka 1107. Kwa hiyo wamisionari walipokuja walikuta pwani ina dini, ina vyuo, ina watu wanaosoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Mlango ulikwisha fungwa. Milimani kulikuwa na Mulungu na matambiko ya mizimu, na wafalme wa ukoo wa Kilindi wenye dawa za mvua. Mmisionari Krapf alipanda hadi Vuga, makao ya wafalme hao, mwaka 1848 kumwona mfalme Kimweri. Waanglikana wakakaa Magila, karibu na Muheza, na Wajerumani wakafungua misheni Mlalo mwaka 1891. Baridi ya kule iliwafaa, homa ilikuwa kidogo, na walikwenda na shule na dawa. Mtoto alienda kujifunza kusoma, akarudi na jina la ubatizo.

Ila usemi wako kwamba milima ni ya Wakristo si sahihi, mama. Usambara imejaa Waislamu. Uislamu nao ulipanda na wachuuzi, halafu utawala wa Kijerumani, bila kukusudia, ukausukuma zaidi kwa kuwatumia maakida, yaani watumishi wake wa utawala, kutoka pwani huko bara. Wala njia hizi hazikuwa safi. Watumwa walipitishwa Pangani na watu waliosali sala tano, na Biblia ilifuatwa na bunduki. Watoto wa shule niliwafundisha yote mawili, na wazazi wa pande zote wakaninunia.

Makalasinga nimewasahau. Mwanzilishi wa dini yao ni Guru Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469, naye alifundisha: Mungu mmoja, hakuna matabaka, na hekaluni kila mtu hula chakula kimoja ameketi chini.

Turudi wodini kwako. Kwa bibi wa Kihindu uliza kwanza chakula: nyama ya ng'ombe kwa kawaida hawali, na wengine hawali nyama wala mayai. Akizidiwa, jamaa huenda wakataka kumtia mdomoni tone la maji ya mto Ganges na jani la mrihani wao mtakatifu. Daktari akiridhia, waacheni. Akifa watataka maiti mapema ili wamchome. Mwislamu mgeuzeni kibla, awepo wa kumtamkisha shahada taratibu, na akifa aoshwe na wa jinsia yake. Mlutheri mpigieni mchungaji angali na fahamu, maana huenda akataka chakula cha Bwana. Maswali haya uyaulize mapema, wakati mgonjwa anaongea, uyaandike kwenye faili lake, kwa sababu saa nane usiku jamaa hawapatikani kwenye simu.

Baba yako anauliza kama utapata likizo uje Maulidi. Nijibu upesi, nataka kujua nichinje kuku wangapi.

Mama yako